Siku Nilipolidunga Godoro Sindano ya Usingizi

Nikicheka siku hizi msidhani sikuona haya. Niliona haya mpaka nikawa napita Kakuma na vioo vya gari vimefungwa, joto lote lile, ili nisiitwe. Lakini naona wenzangu mmeanza kuipamba hadithi hii (juzi hapa Lodwar nimesikia eti mimi mwenyewe nililala!), sasa bora niisimulie kwa mdomo wangu.

Mnajua kazi yangu ni udaktari wa mifugo, kwetu ni Kitale, lakini Lodwar nimekaa hadi watoto wangu wakisalimiwa kwa Kiturkana, "ejok," wanaitikia kabla mimi sijafungua mdomo. Na kwa miaka kumi na miwili nimemiliki bunduki moja. Si ya risasi, tulieni. Ni ya sindano: unaijaza gesi, unatia sindano yenye dawa ya usingizi, unalenga kwa darubini, na mnyama asiyekaribika analala pole pole bila kuumia. Ina kibali chake, ina sanduku lake lenye blanketi ndani, ina kitambaa chake cha mafuta ambacho hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Mke wangu anaiita mke mwenza, na nikiwa mkweli, sijamkatalia sana.

Mzee aliyeniachia bunduki hiyo alipostaafu alinipa sharti moja tu: safari ikiisha, kabla ya mnyama yeyote, piga katoni kwanza. Katoni tupu, hatua thelathini, sindano ya maji. Sababu ni kwamba darubini ikitikisika kidogo tu, wewe unaona umelenga paja kumbe umelenga hewa. Enzi zile barabara ya kwenda Kakuma ilikuwa mashimo matupu na sharti hilo sikuwahi kuliruka. Halafu lami ikaja, na mimi nikaanza kujiona.

Asubuhi hiyo alinipigia Mama Shukri, mjane wa Kisomali anayeuza maziwa ya ngamia sokoni Kakuma. "Daktari, njoo saa hii, wallahi wanataka kuua Suldaan!" Suldaan ni ngamia wake, dume la pekee alilo nalo. Bila yeye majike hawashiki mimba, wasipozaa hakuna maziwa, na bila maziwa yule mama na watoto wake hawana kitu kingine, basi. Sasa Suldaan alikuwa kwenye msimu wake wa kutafuta majike, povu mdomoni, kamba amekata, ameingia sokoni na kumng'ata mtu mkono. Polisi walikuwa wamekubali kunisubiri, lakini ofisa wao alisema akimng'ata wa pili, hakuna mjadala.

Nikaondoka mbio. Na hapa ndipo ujinga ulipoanza, kwa sababu badala ya kuiacha bunduki kwenye sanduku nyuma, niliiweka kitini kando yangu, nikijua soko zima litakuwa linatazama, nikataka nishuke nayo mkononi (mtu mzima mimi, nina mvi). Kabla ya Kakuma kuna laga moja, mto mkavu usio na maji ila mvua ikinyesha, mafuriko yalikuwa yamekula ukingo wa lami, nikateremkia mchangani, gari likaruka, na mke mwenza akaanguka chini, pu! Nikamwokota, nikamfuta vumbi, nikaendelea.

Nilipofika, watu wamejaa mpaka juu ya malori. Wakapiga kelele, "Daktari amekuja!" Jamani, mimi ni binadamu. Nikaikumbuka katoni, nasema kweli, niliikumbuka kabisa, halafu nikawaza watu hawa wote watanionaje, ngamia yuko pale anaunguruma na daktari anapiga boksi la sabuni? Nikaiacha.

Suldaan alikuwa amesimama mbele ya mabomba ya maji, kina mama wamekimbia wameacha mitungi. Nyuma yake hapakuwa na mtu, ni duka moja tu la magodoro ambalo mwenyewe, Papa Mulamba, Mkongomani mpole sana, alikuwa amelikimbia na amesimama kando yangu. Nikapiga goti, nikalenga paja kwa madaha yote, nikafyatua.

Sindano ikapita juu ya mgongo na kwenda kukita kwenye godoro la inchi sita.

Papa Mulamba akaniangalia, akasema kwa sauti ya huzuni, "Eh, muganga, ile godoro yangu ilikosa usingizi?"

Mnajua soko la Kakuma likicheka? Lilicheka kwa Kiturkana, kwa Kisomali, kwa Kiarabu cha Juba, kwa lugha ambazo sijui hata majina yake. Kijana mmoja juu ya lori akapaza sauti, "Daktari, hilo godoro limelala fofofo, sasa jaribu mto!" Nami kwa hasira ya aibu, badala ya kujiuliza kosa liko wapi, nikajaza sindano ya pili haraka haraka nikapiga tena. Hiyo ilimpangusa nywele za nundu tu, ya kutosha kumuudhi. Suldaan akageuka. Akaniona. Akaja.

Sikumbuki nilivyokimbia. Ninachokumbuka ni kwamba nilijikuta juu kabisa ya rundo la magodoro, suruali imepasuka toka mkanda hadi goti, bunduki nimeikumbatia, na ngamia chini yangu anapuliza povu kwenye viatu vyangu. Akachoka kuningoja, akarudi kwenye mabomba yake. Watu hawakucheka tena, kwa kuwa ofisa wa polisi alikuwa ameinua bunduki, ile ya risasi.

"Daktari, umejaribu. Kaa kando."

Mama Shukri hakulia wala hakupiga kelele. Alitembea tu akasimama kati ya bunduki na ngamia wake, buibui lake linapepea, akasema, "Afande, huyu ndiye baba ya watoto wangu sasa. Mpe daktari moja. Moja tu." Mimi nilitamani yale magodoro yanimeze. Mama huyu alikuwa amenikabidhi maisha yake, na mimi niliyachezea kwa sababu ya katoni.

Ofisa akashusha bunduki. Mpaka leo nikimwona namshika mkono kwa mikono miwili. "Moja," akasema.

Nilipokuwa nikishuka, mzee Ekai, polisi wa akiba aliyelinda mifugo kwa bunduki yake moja tangu ujana wake, alinishika bega. "Wewe, hii yako ilianguka?" Nikaitikia kwa kichwa. "Na wewe hukuipima?" Hakunigombeza. Aliingia duka la jirani, akaleta katoni tupu ya sabuni, akaiweka mahali peupe mbele ya macho yote yale, kisha akaniwekea chini ekicholong yake, kile kigoda kidogo ambacho mzee wa Kiturkana hakiachi, ndicho kiti chake na ndicho mto wake. "Weka mdomo ya bunduki hapo. Pole pole. Ngamia iko na maji, haendi."

Basi nikalala kifudifudi, matako nje, nikapiga katoni. Sindano ya maji ikapita shubiri nzima juu. Soko likaguna, "Aaah!" Nikakaza skrubu ya darubini iliyolegea, nikazungusha kidogo. Ya pili ikagusa ukingo. Ya tatu ikatoboa katikati, na watu wale wale walionicheka wakapiga makofi kama nimefunga bao.

Kisha nikamgeuzia Suldaan mdomo wa bunduki, nikafyatua sindano ya mwisho ya dawa. Ikaingia pajani, pale pale. Baada ya muda Suldaan akayumba, akapiga magoti ya mbele, kisha ya nyuma, akalaza shingo mchangani, na Mama Shukri akakaa kando yake akimfuta povu kwa ncha ya shela. Tukamfunga, tukasafisha mdomo, akaamka saa moja baadaye hajui lolote. Papa Mulamba akanivisha kikoi chake nikarudi nacho nyumbani.

Mke mwenza bado ninaye, na nampenda kuliko zamani, maana hakunidanganya, ni mimi niliyekataa kumuuliza. Mwaka uliofuata majike wa Mama Shukri walizaa. Ndama wa kwanza wa Suldaan wakampa jina Godoro, na soko zima linamwita hivyo bila hata kutabasamu. Ile katoni yenye matundu mama ameitundika kibandani, juu ya madumu ya maziwa. Nikifika kuchanja Godoro na ndugu zake, bado sijakaa, bado sijasalimia vizuri, anaishusha ukutani na kunikabidhi.

"Kwanza hii, daktari. Halafu maziwa."

Nami naipokea, nahesabu hatua thelathini mbele ya soko zima, na kulala kifudifudi.