Dirisha la Kaka Deusi

Hadi leo nikipita mtaani kwetu hapa Kashaulili kuna watu wakiniona wanatazama kwanza dirisha lililo karibu, halafu ndiyo wananisalimia, na wengine (siwataji, wanajijua) huniuliza kama leo nitapita mlangoni. Nimeona bora niyaseme mwenyewe, kwa sababu kule sokoni yameshaongezwa chumvi, eti nilikwama siku nzima, eti ilibidi ukuta ubomolewe. Si kweli. Ukuta ulibaki mzima. Kilichopasuka ni gauni, na aibu niliyoipata ilinitosha bila kuongezewa ukuta.

Nianze na mimi, maana kosa lilianzia kwangu. Mimi ni fundi cherehani na hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu za mama na kuzishona upya mpaka zikakaa, na labda ndiyo maana nina ugonjwa huu wa kutaka kila kitu kinyooke. Mshono ukipinda kidogo tu silali. Mteja anasema dada, imetosha, nzuri hiyo, mimi nafumua. Sasa mtu wa namna hiyo mpe kazi ya kumwandaa binadamu mwenzake, uone.

Binadamu mwenyewe ni kaka yangu Deusi. Alipooza miguu akiwa mtoto, na kabla mimi sijajua hata kutembea akapelekwa kwenye kituo cha walemavu, mbali, mkoa mwingine, kwa sababu watu walimwambia mama kwamba huko ndiko mahali pa watoto wa namna ile. Akakulia huko. Mimi nilimfahamu kwa picha moja na kwa machozi ya mama kila Krismasi. Halafu kituo kikaanza kuwarudisha wenye ndugu wakaishi makwao, na siku moja Deusi akashushwa kwenye treni hapa Mpanda, mwanamume mzima mwenye kifua kama pipa, na redio yake, na baiskeli ya miguu mitatu ya kuendesha kwa mikono. Ila walisema ni majaribio. Watakuja kuona anaishi vipi, na wakikuta hatunzwi vizuri watarudi naye. Neno hilo la kurudi naye lilimkosesha mama usingizi, na mimi likanipa kazi.

Mwenyewe hakuwa na wasiwasi wowote. Akishakunywa chai anavaa kandambili mikononi, anatambaa hadi kwenye baiskeli, huyo, dukani kwa Mzee Salumu kucheza drafti, na jioni anarudi mwekundu kwa vumbi toka kichwani hadi chini, anacheka. Mtaa ulishamzoea kuliko ulivyonizoea mimi.

Tulipopata habari kwamba wageni wanakuja, Sista Ana wa kituoni na bwana mmoja wa ustawi wa jamii, niliacha nguo za wateja wote. Nikapaka chokaa mawe ya uani. Nikafagia uwanja mistari mistari, kisha nikawa nawakimbiza kuku wasiikanyage. Nikamshonea Deusi shati jeupe (jeupe, Mpanda, kiangazi, hebu fikiria), na mimi nikajishonea gauni la bluu lenye mabega makubwa ya sponji na mkanda wa kitambaa unaofungwa nyuma kwa fundo kama kipepeo, na sitaficha, lilitoka zuri.

Siku yenyewe asubuhi mama alikwenda parokiani kuwangoja awaonyeshe njia. Mimi nikabaki chumbani kwa Deusi nikilipiga shati pasi juu ya meza yake, naye yuko kitandani na fulana yake anatafuta stesheni kwenye redio.

"Kaka, leo hutoki," nikamwambia.

"Kuna bwana mmoja wa reli jana kanifunga akanitangaza soko zima. Leo namnyamazisha, halafu narudi."

"Utarudi mchafu."

"Nitarudi Deusi."

"Nusu saa tu, kaka, nakuomba."

"Mdogo wangu," akasema bila kunitazama, "hao wanakuja kuniona mimi au kuliona shati?"

Nililitundika shati kwenye msumari, nikatoka, nikarudishia mlango, na hapo ndipo nilipofanya lile jambo dogo ambalo ningeweza kulirudisha nyuma ningelirudisha hata kwa kuuza cherehani. Kulikuwa na kufuli kwenye komeo. Nikalibana. Polepole, lisilie. Nikajiambia huku si kumfungia mtu, ni kulinda usafi, na nikisikia gari tu nafungua kabla hawajashuka. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga niliyojifunga kiunoni, kama tunavyofanya sote.

Haikupita muda, niko uani nachagua mchele, akaingia jirani yetu Mama Kulwa anahema, na pacha mmoja mkononi.

"Skola, shoga yangu, nipe kanga nimbebee Doto, za kwangu zote nimeloweka na mkokoteni wa shemeji unaniacha!"

Nikaifungua ile ya kiunoni nikampa (chini yake nilikuwa na gauni langu tayari, na kusema kweli nilifurahi apate kuliona). Akamfunga mtoto mgongoni, akakimbia. Ufunguo wa kaka yangu ukapanda mkokoteni wa ng'ombe kwenda Misunkumilo.

Nilikumbuka niliposikia gari. Nikapeleka mkono kiunoni, nikapapasa kushoto, nikapapasa kulia, nikakuta kipepeo tu. Na gari limeshasimama, na mama amekaa mbele karibu na dereva anawapungia majirani kama bibi harusi.

Sista Ana alikuwa mama mnene mwenye uso wa kucheka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Skola ndiyo wewe? Tumesikia habari zako nzuri. Mwenyeji wetu yuko wapi?"

"Amelala, Sista."

Akageuka akautazama mlango. Uso wa kucheka ukaondoka. "Amelala, na kufuli liko nje?"

Yule bwana wa ustawi, mwembamba, mtaratibu, akavua miwani yake akaifuta. "Nyumba tuliyotoka kabla ya hii nayo tuliambiwa amelala," akasema.

Nilimwona mama. Alinitazama tu kwa macho ambayo sijawahi kutazamwa nayo tena, na natumaini sitatazamwa, macho ya mtu aliyemngoja mwanawe miaka ishirini na ushee halafu anaona anachukuliwa mara ya pili, na safari hii mtoaji ni mwanawe mwingine.

"Fungua, binti," akasema Sista.

"Ufunguo uko Misunkumilo."

(Najua. Hata mimi nilipojisikia nilijua.)

Sista akagonga mlango. "Deusi! Ni mimi, Ana!" Kimya. Akagonga tena kwa nguvu. Kimya, hata redio haisikiki. Na pale ndipo nilipoikumbuka pasi. Pasi ya mkaa. Niliiacha mle ndani, ina mkaa wa moto, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, na hakuna mtu kwetu asiyejua mkaa kwenye chumba kilichofungwa unamfanya nini mtu.

Nilipiga yowe. Mama anasema nilisema "Nimemuua kaka!", mimi sikumbuki, nakumbuka tu kwamba mtaa ulikuja. Walikuja waliokuwa bombani na ndoo zao, wakaja wa genge la nyanya, akaja Baba Kulwa na shoka la kuchanjia kuni, hakuuliza hata limetokea nini, akaupiga mlango. Sasa ule mlango ni wa mninga, marehemu baba aliuchonga na kujisifu kwamba utawazika wajukuu zake, na shoka lilidunda kama limepiga jiwe. Kina mama wakaanza kulia kile kilio cha msiba. Mimi nikakimbilia nyuma ya nyumba.

Dirisha la chumba kile ni dogo, la mbao, limekaa juu kidogo. Nikakanyaga kitu cha chuma kilichokuwa chini ya ukuta, nikausukuma mlango wa dirisha, ukafunguka kirahisi kabisa (hilo pekee lingetosha kumwambia mtu mwenye akili jambo fulani), nikatumbukiza kichwa, nikatumbukiza mikono, mabega ya sponji yakabonyea yakapita, nikajivuta. Kiunoni nikagoma. Kile kipepeo changu kilinasa kwenye kitasa cha dirisha, kila nikijivuta kinakaza, nikirudi nyuma mabega nayo yanavimba yanakataa, basi nikabaki nusu ndani, nusu nje, miguu inapiga hewa mbele ya Sista, bwana wa ustawi na nusu ya Kashaulili. Halafu nikasikia mshono ukiachia. Fundi anaijua mishono yake kwa sauti. Ulikuwa wa ubavuni, ule niliourudia mara mbili.

Macho yakazoea giza la ndani. Kitanda kimetandikwa. Shati jeupe liko kwenye msumari, halina hata kunjo. Pasi haipo. Deusi hayupo.

"Yumo?" mama akapaza sauti nyuma yangu, huku akinitupia kanga yake juu ya miguu.

"Hayumo!"

"Hayumo vipi?"

Nikamsikia bwana wa ustawi akimwuliza Sista kwa sauti ya chini, lakini si ya chini ya kutosha, "Na huyu naye tumwandikie nafasi kituoni?"

Kisha nikasikia kengele ya baiskeli, na mnyororo ule unaokwaruza, na sauti ninayoifahamu. "Nimeambiwa dukani kwa Mzee Salumu kwamba nimekufa, nikasema ngoja nije nizike." Akaiona miguu yangu dirishani. "Skola! Redio yangu unaiiba mchana kweupe?"

Kilio kilikatika, isipokuwa bibi mmoja wa jirani ambaye alimtazama Deusi vizuri, akamsalimia, halafu akaendelea kulia, nadhani kilio kilikuwa kimeshamkolea.

Waliotolewa shimoni wanajua, kutolewa kunauma kuliko kuingia. Baba Kulwa akashika mguu mmoja, Deusi akajisogeza na baiskeli yake akashika wa pili. "Ng'wanawane, legea!" Baba Kulwa akaniambia kwa Kisukuma chake cha kumbembeleza mtoto, nikalegea, kipepeo kikakatika, nikaanguka chini na vumbi. Na kile nilichokuwa nimekanyaga ndiyo ilikuwa pasi. Deusi aliumwaga mkaa akaitoa nje kabla hajajitoa mwenyewe, kwa mikono yake tu, kupitia dirisha lile lile, akashukia kwenye baiskeli yake iliyokuwa inalala pale kila siku. Nilikimbilia pale pale inapolala na sikuona kwamba haipo.

Lakini vicheko viliisha upesi, kwa sababu Sista Ana alikuwa amechuchumaa mbele ya baiskeli.

"Deusi, nataka ukweli. Wanakufungia humu?"

Mtaa mzima ukasogea kusikia. Mama ameziba mdomo kwa kiganja. Mimi nimelishika gauni langu ubavuni kwa mikono miwili, na nilijua kwamba akisema ndiyo atakuwa amesema kweli.

"Leo nimefungiwa," Deusi akasema. "Kabana kufuli polepole nisisikie, lakini mlio ule naujua, Sista. Geti letu kule lililia hivyo kila jioni toka nikiwa na miaka saba." Akawatazama watu, wa bombani, wa gengeni, mpaka wenzake wa drafti waliomfuata wanahema. "Ila kule hakuna aliyewahi kuja na shoka."

Baba Kulwa akalificha shoka nyuma ya mgongo, kama vile ni kosa.

Sista alibaki amechuchumaa. (Deusi aliniambia baadaye kwamba ufunguo wa lile geti ulikuwa unakaa kwa Sista mwenyewe.) Kisha akasimama akishikilia baiskeli, akapangusa macho, na akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kabisa, mpaka bwana wa ustawi naye akalazimika kuvua miwani tena. Tulikula wali na kuku pale uani, Deusi na fulana yake ya vumbi, wenzake wa drafti nao wakakaa, na kuku waliosalia wakakanyaga mistari yangu yote.

Kabla ya kupanda gari Sista alinivuta pembeni. "Ulikuwa unaogopa nini, binti?"

"Kwamba mtamchukua."

"Basi usitusaidie kumchukua," akasema, akanipiga begani, kwenye lile lililobaki na sponji. Wakaondoka, gari likiwa na nafasi ile ile tupu nyuma, na mama alilisindikiza kwa macho mpaka vumbi likatulia, ndipo akakaa chini pale pale uwanjani akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana toka nilipozaliwa.

Jioni Mama Kulwa alirudisha kanga, ameifua, ameikunja, na ufunguo bado umo kwenye pindo, hata hakuujua. Nilimpelekea Deusi, nikamwambia kaka, sitamfungia tena mtu mlango, awe mzima, awe mgonjwa, wageni waje na shati liwe jeusi. Akauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

Siku hizi akienda kwenye drafti anafunga chumba mwenyewe kwa nje, kwa sababu anasema nyumba hii kuna mtu ana tabia ya kuingia kunyoosha mashuka ya wenzake. Juzi nilikwenda pale na ufagio nikakuta kufuli. Nikalitikisa kidogo, limeshika. Dirisha nalo nililitazama, siwezi kukataa, nikalitazama vizuri tu, halafu nikarudi cherehanini kwangu.