Mtani wangu Kibwana alivyobadilisha kipete cha fimbo ya kuvulia, nikaishia na mguu mmoja mzima

Wakuu, heshima kwenu wote. Mimi mzee, nimesoma mpaka darasa la tatu, nachapa kwa kidole kimoja. Nikikosea herufi nivumilieni. Ila jambo lenyewe ni la kweli, na wa kulaumiwa namtaja: KIBWANA.

Miaka ya hamsini nilikuwa mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Nilianza na koleo shimoni. Mzungu wa mitambo akaniona nafunga mpini kwa uzi, akauliza nimejifunza wapi. Nikamjibu, kwa baba, alikuwa akifunga mishale kwa ukano wa mnyama.

Akanileta karakana kwa majaribio. Akanipa fimbo yake ya kuvulia, ya mwanzi, vipete vya kupitishia mshipi vimelika. Akasema ikitoka vizuri nabaki fundi, napewa na chumba cha kota. Mke wangu na mtoto walikuwa wanalala kibanda cha nyasi kinachovuja.

Sasa sikilizeni kazi ilivyo. Unakata uzi wa zamani kwa wembe, taratibu, usiguse mwanzi. Kipete cha nchani kimeshikwa na gundi, unakipasha moto wa mshumaa, unakizungusha kwa koleo dogo la kubania mpaka kinaachia. Unakwangua. Unaweka kipya, unafunga uzi mzunguko kwa mzunguko bila kupandana, unapaka vanishi, unaning'iniza siku mbili.

Ila kabla ya kuning'iniza, unapitisha kipande cha pamba ndani ya kipete. Pamba ikinasa, kuna mfuo, yaani mchirizi uliochimbika, na mfuo utakata mshipi.

Yangu haikunasa hata kipete kimoja. Vyote laini.

Kibwana alikuwa meza ya pili, anatengeneza taa za wachimbaji. Mzaramo. Mimi Msukuma. Mnajua wenyewe, watani. Kutwa ananiita mtumwa wangu, nami namwambia babu yake alibebwa na babu yangu kama mzigo. Kofia yangu aliwahi kumvalisha mbuzi, nikacheka.

Fimbo ikakaa siku mbili inakauka. Huyo mtu akakitoa kipete changu kipya cha nchani, akarudisha kile cha zamani chenye mfuo, akafunga uzi vizuri kabisa, akapaka vanishi.

Mimi nikaikabidhi bila kupitisha pamba tena. Hapo kosa langu, nalikubali.

Jumapili mzungu akaenda ziwani. Akanasa kambare mkubwa, mshipi ukakatika nchani, mbele ya wageni wake. Jumatatu akaja karakana na fimbo. Alipitisha pamba, ikanasa, akaninyooshea kidole kuelekea shimoni.

Natoka mlangoni, Kibwana yuko nje, kipete changu amekifunga kwenye kishada cha tarbushi yake.

"Mtumwa wangu, pete ya ndoa hii hapa, njoo uchukue."

Nikamwambia twende akaseme ukweli. Akasema atasema kesho. Kesho yake akasema kesho.

Nikaenda kwa wazee wetu, WASUKUMA WENZANGU, hao nao nawalaumu. Mkubwa wao akanijibu, "Ng'wanone, mwanangu, mtani hashitakiwi. Ukimgusa, faini utalipa wewe."

Nikarudi kwenye koleo. Mwezi haukuisha, ukingo wa shimo ukaporomoka. Mwenzangu Lubinza aliyekuwa kushoto kwangu alifia pale. Mimi walinifukua, mguu wa kulia umepondeka.

Kibwana hakuja hata kunipa pole.

Alikuja kufa Kahama, kabla ya uhuru. Nikapanda lori na mkongojo wangu mpaka msibani, maana mtani ana ruhusa ya kusema lolote mbele ya maiti. Nikasimama kaburini nikasema yote. Huyu mwizi. Aliniibia kipete, akanirudisha shimoni, akanivunja mguu, hakusema ukweli mpaka leo.

Wakuu, walicheka. Wanaume wazima walishika mbavu. Wakasema hawajapata kuona mtani hodari namna ile. Mjane akaja, machozi ya kicheko yanamtoka, akanikabidhi jogoo, haki yangu ya mtani.

Yule jogoo nilimwachia dereva wa lori.

Nilichojifunza: kazi yako ikilala nje ya macho yako, ijaribu upya kabla hujaikabidhi. Na utani uwe na mpaka, usiguse mkate wa mtu.

Haya, semeni na ninyi yaliyowapata. Wazaramo mliomo humu karibuni pia. Ila atakayeandika "mzee, ule ulikuwa utani tu", simjibu.