Mgomba Si Mti

Siku mwenye nyumba alipotaka kututimua katika chumba tulichopanga Mutuini, nje kidogo ya mji, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa kidato cha pili na nilikuwa na mdomo. Baba alikuwa mjini, dukani alikoajiriwa kuuza vitambaa. Mama alikuwa na kichanga mgongoni na panga mkononi. Alikuwa ametoka kukata mgomba uliokwisha kuzaa, kama wanavyofanya watu wote kwao pwani.

"Mama, umekata mti yangu," mzee mwenye nyumba alisema. "Nilisema nini? Mwenye kukata mti anahama. Leo leo, toa vitu."

Wapangaji wote wa ploti ile walijua sababu ya kweli. Mpwa wa mzee alikuwa anaoa na alikitaka chumba chetu. Lakini kisingizio cha mwenye nyumba ni sheria, na godoro letu lilikuwa tayari limeburutwa uani. Mama akaanza kumbembeleza mzee: "Baba, na kichanga hiki twende wapi?" Mama yangu, ambaye hakuwahi kumbembeleza mtu! Damu ilinichemka.

"Mzee, mgomba si mti," nikasema.

"Nyamaza wewe," Mama akaninong'oneza.

"Kama si mti ni nini? Sukuma wiki?" Wapangaji wakacheka, na wengine wakatoka vyumbani kuja kutazama.

Nikachukua panga. Nikapiga magoti penye lile gogo la mgomba, nikaanza kulibambua. Gomba la kwanza likatoka, la pili, la tatu, kila moja limelikumbatia jingine, maji yakinichuruzika hadi viwikoni.

"Hili si gome, mzee. Haya ni majani, yamefungana huku chini. Mti una ubao ndani. Shina la mgomba limo udongoni, pale machipukizi yanapotokea. Mwalimu ametufundisha, mgomba ni jamaa ya tangawizi, si ya mwembe."

Nilibambua mpaka katikati. Palikuwa na kikonyo cha ule mkungu tuliokwisha kuula, cheupe, laini. Mzee akakibonyeza kwa kidole cha mguu, kikabonyea. Hakuna aliyecheka tena.

"Mtoto amesema kweli," akasema mama wa chumba cha mwisho. "Hapo hakuna mbao."

Mzee akalipiga teke lile gogo. "Sawa. Si mti. Rudisha godoro."

Wallahi nilitaka kuruka! Kabla sijainuka, akaninyang'anya panga.

"Mama, mlipoingia hapa nilisema matunda ya miti ni yenu, mkule. Si ndiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi. Ya majani sikusema."

Akazunguka nyuma ya chumba chetu, kwenye migomba iliyobaki, akakata mikungu yote miwili iliyokuwa imekomaa, chakula chetu cha mpaka mwisho wa mwezi, akaondoka nayo.

Mama akaketi juu ya godoro palepale uani, akamnyonyesha mtoto.

"Lakini tumebaki, Mama," nikamwambia.

"Tumebaki," akasema. "Kesho mwambie huyo mwalimu wako aje atupikie."