Alumini Ikiwa Moto Haipimwi

Ninyi vijana mnaoingia karakana na vyeti vya chuo, na hasa ninyi wasichana mnaoambiwa mashine itawachafua, nisomeni mpaka mwisho. Mimi niliishia darasa la nne, kule Kigwa. Nimekereza vipuri vya ndege ndogo hapa Tabora mpaka nywele zikawa nyeupe, na vidole vyangu kumi ninavyo vyote.

Siku ya kwanza nilipewa ufagio. Nizoe maranda, yale maganda membamba yanayotoka kwenye mashine. Nikaona vumbi, nikachukua ndoo ninyunyize maji kama nyumbani. Fundi mkuu, mzee mkali, akaninyang'anya.

"Binti, nani kakutuma kunichomea karakana?"

"Shikamoo fundi. Natuliza vumbi."

"Marahaba. Unga wa alumini ukishika moto, maji ni petroli. Hapa tunazima kwa mchanga mkavu. Na mchanga Tabora haujaisha."

Huyo ndiye aliyenifundisha kukereza, yaani kukata metali inayozunguka kwenye mashine. Tulikata kavu, bila maji ya kupozea. Watu walidhani ni umaskini. Si umaskini. Maji yale yenye mafuta yalituchubua mikono na kuficha kazi. Ukikata kavu unaona, unasikia. Ila kavu haina msamaha. Alumini ya ndege si ya sufuria. Imechanganywa na shaba au zinki ipate nguvu ikiwa nyepesi. Kisu cha mashine kikiwa butu, inalainika na kuganda kwenye ncha. Tuliita ukoko, kama wa wali. Kisu chenye ukoko hakikati, kinachana. Halafu lipo jambo ambalo wenye vyeti hulisahau: alumini ikipata joto hutanuka. Iache ipoe, ndipo ulete maikromita, kipimo cha kubana kinachosoma hata unene wa unywele.

Kila mkerezaji alikuwa na alama yake ya chuma ya kugonga. Kipuri kisicho na alama hakifungwi kwenye ndege. Yangu ilikuwa K. Ukoo wetu ni wa wapagazi waliobeba pembe kwa miguu hadi pwani; mzigo ulioukubali ni wako mpaka uutue. Alama nayo ni hivyo.

Fundi mkuu akastaafu, akaja meneja kutoka Dar. Siku moja ndege ilitakiwa kumfuata mgonjwa upande wa Usinge, na pete ya alumini inayoshika usukani wa mkiani ilikuwa imekwisha. Nikakereza mpya. Nilibakiza unywele mmoja, nikingoja ipoe ndipo nipitishe kisu cha mwisho. Meneja akanisukuma pembeni, akakata huo unywele pete ikiwa inachoma mkono, akapima.

"Saizi kamili! Gonga alama."

"Ina joto, bwana meneja. Ikipoa itasinyaa, itacheza kwenye tundu lake."

"Mgonjwa anangoja, rubani anangoja, na wewe unangoja pete ipoe kama uji?"

"Ndiyo. Kama uji."

"Darasa la nne unanifundisha mimi?"

"Maikromita haijawahi kuniuliza nimesoma mpaka wapi."

Mafundi wakacheka chinichini, na hilo ndilo ambalo hakunisamehe. Akachukua alama yangu mezani, akaigonga kwa mkono wake. Pete ikafungwa. Rubani akashika usukani wa mkiani, akautikisa. Ukacheza.

"Mama Kabula, hii ni kazi yako?"

"Kakata meneja, kagonga meneja. Alama tu ndiyo yangu."

"Basi nikatie nyingine. Nitangoja."

Nikakata nyingine, nikaiweka kivulini, meneja akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndege ikaruka, mgonjwa akafika hai.

Wiki iliyofuata nikapewa uhamisho: Kaliua, karakana ya majembe ya ng'ombe. Sababu, utovu wa nidhamu. Nikapanda treni, maikromita nimeifunga kwenye khanga. Miaka mingi nikachonga bushi, zile pete za ndani ya magurudumu ya mikokoteni, nazo nilizingoja zipoe. Mpaka akaja mkuu mwingine wa karakana ya Tabora kunifuata.

"Shikamoo mama. Hakuna ajuaye kukata kavu kama wewe."

"Marahaba. Alama yangu iko wapi?"

Akaitoa mfukoni. Nikarudi, nikafanya kazi mpaka nikastaafu.

Juzi kaja kijana wa karakana na karatasi. Nisaini kwamba vipuri vyote vyenye K katika daftari lao ni kazi yangu, nipewe cheti cha utumishi bora. Nikamwambia anisomee. Ile pete ya meneja imo.

"Ni utaratibu tu, bibi. Iliondolewa siku ile ile, haimdhuru mtu."

"Basi ifute."

"Daftari halifutwi."

"Na mimi sisaini."

Akaahidi kurudi. Maisha yangu yote sijawahi kupewa cheti, na nisiseme uongo, nilikitaka. Jioni nikawakusanya wanangu na wajukuu, nikawaambia: Akirudi, mpeni kiti, mpeni maji ya kunywa. Na akinikuta nimelala kitandani siwezi hata kusema, asitokee mtu wa nyumba hii kunishika kidole akichovye kwenye wino.