Televizyo Yenye Tulizika

Basomaji bangu, fundi wa televizyo wa kwetu Uvira amekufa. Mutoto wa dada yake njo alinipigia simu, akalia kwanza, kisha akaniambia. Minye mwenye munazoea kucheka naye hapa, leo nitabachekesha kidogo tu. Muzee yule alikuwa anasemea mu pua, pole pole, sawa munganga mwenye anapima dawa: "Maman, patience. Kwanza tutafute picha." Hata ukimusalimia, ni patience, vumilia tu. Nilikuwa namuiga mbele yake, naye anacheka mupaka anashika tumbo.

Wakati wa vita, batu balikuwa banaficha bintu chini ya udongo, kisha banavuka mupaka kwenda Bujumbura. Basoda balijua, banachimba kila pahali udongo iko mupya. Njo minye, mwenye nilibakia, nikafunga televizyo yangu mu bashi ya plastiki, nikaizika nyuma ya nyumba sawa mutu, musalaba juu. Basoda bakipita, nalia. Nilikuwa nalia muzuri sana. Lakini bamama ba jirani bakaanza kuya kukaa pale na minye. Nikabanong'oneza ukweli. Bakaniambia banajua, haina shida. Bana babo balikufia mu njia, mu mashamba ya Kiringye, bengine mu ziwa, na hakuna mwenye alipata kaburi. Bakaendelea kulia pale, kwa televizyo.

Vita ikatulia, fundi akarudi kutoka Bujumbura. Alikuwa amevuka na ordinateri yake, kompyuta ya zamani, ile yenye iko klaviye tu ya kuandikia, haina kioo yake; unaifunga ku televizyo na waya. Televizyo yake ilikuwa imeibiwa. Na mu kasete moja, kasete yenye ile mashine inachungia kazi yake, mulikuwa picha ya nyumba yenye mutoto wake alichora mbele ya kuuawa mu vita. Hakukuwa hata foto ya mutoto ilibakia. Akakuya kwangu, patience hakuna tena.

"Maman, banasema televizyo yako iko mu kaburi."

Nikaangalia bamama. Mumoja, mwenye alipoteza bana bote, njo alijibu: "Chimbeni. Huyu iko na kitu ya kuona."

Tukachimba muchana, sababu umeme ilikuwako. Akaingiza waya pa antene, akazungusha kifungo. Kwanza ilikuwa sawa mvua. Kisha kasete ikalia sawa mapanzi, nyumba ikatokea, yote kijivu. Akatueleza ordinateri ya Ulaya na televizyo yangu hazisikilizane mu rangi. Akaweka kidole ku kioo: bati ni bulu, mulango mwekundu. Yule mama akamuuliza dirisha iko rangi gani. Alikuwa amesahau.

"Basi weka ya njano," mama akamuambia.

Akasema njano, na siye bote tukaiona njano.

Kesho yake asubuhi nikamukuta anajaza shimo, anasimamisha musalaba. Nikamuiga mu pua: "Maman, patience, maiti iko wapi?" Hakucheka.

"Minye nilishaona ya kwangu," akasema. "Bale bamama batalilia wapi?"

Leo batu bananionesha bana babo mu simu, hakuna waya, rangi zote ziko. Naangalia, nafurahi. Lakini fundi njo alinifundisha: siku unapata kitu yako yenye ilipotea, mbele ya kwenda kwako, geuka uangalie nani umemuachia shimo.