Memori Mbili Kwenye Ungo wa Mbegu

Enzi zetu kompyuta haikuwa kitu cha kuguswa na kila mtu. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, ikafungiwa chumba chake chenye kufuli, na aliyeingia humo alivua viatu mlangoni. Wenzangu mliokulia milimani kwetu Lushoto, miaka ile soko huria lilipokuja na kila aina ya mtumba, mnajua ninachosema. Watoto wa leo simu ikiganda kidogo wanaitupa kitandani na kununa siku nzima. Ile yetu ukiiamuru ifungue barua ulikuwa na muda wa kwenda kunywa chai, ukarudi, ukaikuta bado inafikiri. Na tuliipenda hivyo hivyo.

Nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa mpiga chapa kwenye kiwanda cha mbao, bingwa wa taipureta, anapiga huku anatazama dirishani. Kiwanda kikauzwa kwa mwekezaji, na Baba akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Neno hilo, kupunguzwa, sisi watoto wa mtaa wetu tulilijua kabla ya kufundishwa sehemu kwenye hesabu. Alikaa nyumbani msimu mzima wa mahindi, akitengeneza banda la kuku ambalo halikuwa na tatizo. Kisha akapata kazi ya majaribio kwenye sekondari moja ya wazazi pale mjini, kazi ya kutunza kompyuta yao kuukuu ya msaada. Mkuu wa shule, Mwalimu Hoza, hakumficha: kulikuwa na kijana wa Tanga mwenye cheti. Mitihani ya muhula ikichapwa salama, kazi ni ya Baba. Ikikwama, anaitwa kijana.

Mitihani yote ilikuwa ndani ya mashine, na mashine ilikuwa imeanza kuzimia. Ilikuwa na memori moja tu, ndogo, kibao chembamba cha urefu wa penseli. Baba mdogo, aliyekuwa fundi Tanga, akamtumia Baba nyingine kubwa zaidi kupitia kondakta wa basi. Ijumaa Baba akachomoa ile ya zamani, akaenda nayo stendi ili azilinganishe. Meno ya shaba ya ukingoni yalilingana. Maandishi hayakulingana.

"Cha zamani na kipya usivichanganye, mzee Kijangwa," Mwalimu Hoza alimwonya alipoziona. "Vitagombana."

"Zitaelewana, Mkuu."

Ofisi ilikuwa inafungwa mpaka Jumapili na paa lake lilikuwa linavuja, kwa hiyo Baba akarudi nazo nyumbani zote mbili, zimefungwa kwenye karatasi. Akanikabidhi mimi. Si kaka zangu, mimi. "Mwanaidi, ziweke mahali pakavu. Na panya wasizifikie."

Sasa niambieni, nyumba ya Lushoto mwezi wa saba, mahali pakavu ni wapi? Ukungu ulikuwa unaingia mpaka chini ya mto wa kulalia. Sare zilianikwa Jumamosi zikavaliwa Jumatatu na unyevu wake, na chumvi iligeuka uji kwenye kopo. Pakavu palikuwa pamoja tu: darini, juu ya jiko la kuni, mahali Bibi alipoweka mbegu. Moshi ulizikausha na kufukuza wadudu, na panya hawakuthubutu. Bibi alikuwa na sheria yake tuliyoinyonya na maziwa, kwamba mbegu haifungwi, ikifungwa inaoza. Basi nikazifungua karatasi, nikazilaza memori zote mbili kwenye ungo, kati ya mahindi na maharage ya kupanda. Chini yake makande yalichemka Ijumaa, na Jumamosi yakachemka tena. Nilijiona mtoto mwenye akili kuliko wote kijijini.

Jumapili asubuhi nikapanda kuzitoa. Nilizipangusa kwa kanga ya Mama na kanga ikatoka na alama nyeusi. Niliitazama ile alama, nikaikunja kanga upande mweusi ukawa ndani, nikazifunga memori kwenye karatasi yake.

Nikafuatana na Baba kubeba chakula chake. Njia zetu za kilimani mnazijua, nyembamba, bonde upande mmoja. Desturi ilikuwa mkubwa kutangulia na mdogo kufuata, hata kama mkubwa ni Bibi mwenye magoti mabovu na foleni ya watu ishirini wa sokoni iko nyuma yake. Hakuna aliyempita. Siku hiyo nilifuata visigino vya Baba.

Alifungua kompyuta, akazipachika zote mbili, akawasha. Ikalia piiip, ndefu, na kioo kikabaki cheusi. Akazima. Akatoa ile ya zamani, akaiacha mpya peke yake. Piiip. Nikapumua, nikasema mpya ndiyo mbovu. Akatoa mpya, akairudisha ile ya zamani, ambayo mpaka Ijumaa ilikuwa nzima. Piiip. Baridi ilikuwa ya kuuma, na Baba alikuwa anatiririka jasho.

Mwalimu Hoza akaingia akiwa na suti, katoka kanisani moja kwa moja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama.

"Nilisema vitagombana," alisema. "Umeua na kile cha zamani. Mitihani inaanza kesho saa mbili, mzee Kijangwa. Kijana wa Tanga akipanda basi la mchana huu anafika jioni."

"Nipe nusu saa, Mkuu."

"Nusu saa ya kufanya nini?"

Baba akainamia tena mashine. Mwalimu Hoza akavuta kiti, akaketi, akavua saa na kuiweka mezani. Nililiona lile banda la kuku. Nilimwona Baba amerudi kule nyuma ya nyumba, anagongelea misumari pasipohitajika misumari. Bibi alikuwa na msemo wake, mficha uchi hazai, na siku zote niliuona ni msemo wa watu wazima wenye mambo yao. Nilimsogelea Baba nikamnong'oneza.

"Baba, niliziweka darini. Kwenye mbegu za Bibi. Nilizifungua."

Nilisubiri kofi. Wakati wetu kofi halikuombewa kibali. Baba aliinua ile memori akainusa, na nadhani alinusa makande. Kisha akasema polepole, "Una raba?"

Ilikuwa kwenye mfuko wa sketi yangu, raba ya shule iliyoliwa nusu. Mpiga chapa anajua raba inaondoa nini. Akaanza kuyasugua yale meno ya shaba, jino kwa jino, na raba ikawa nyeusi kama sufuria. Masizi yalikuwa yamegandia na mafuta ya moshi. Akasugua ya zamani, akasugua mpya, akapuliza, akazipachika zote mbili.

"Weka moja tu, ya zamani," Mwalimu Hoza alisema.

"Zote, Mkuu. Moja haitamaliza kazi."

Akawasha. Ikalia pip, fupi, moja. Kioo kikawaka na zile tarakimu zikaanza kupanda, mnazikumbuka, kompyuta ikijipima memori yake. Zikafika pale zilipozoea kusimama. Nikafumba macho. Nilipofumbua zilikuwa bado zinapanda.

Mwalimu Hoza alivaa saa yake. "Ilikuwa nini?"

"Vumbi tu, Mkuu," Baba akajibu. "Uzembe wangu."

Printa ililia mchana kutwa, na Baba akaipata kazi, akaifanya mpaka alipostaafu. Tukirudi nilimuuliza kama kweli zile mbili hazigombani. Akasema mpya ina mbio zaidi, lakini ikikaa na mkubwa wake inafuata mwendo wa mkubwa, kama sisi na Bibi njiani. Kisha akasimama, akajibanza ukingoni, akaniambia nitangulie mimi. Nilipanda kilima chote mbele ya baba yangu, nikilia.

Siku hizi kava la kompyuta ya mwanangu halifunguki hata ukilibembeleza. Ikichoka inatupwa, inanunuliwa nyingine. Dari la Bibi halipo, tunapikia gesi, na mbegu tunanunua dukani zimefungwa kwenye pakiti. Bibi angesema zimeoza. Nikienda kwetu Baba hunipokea stendi akiwa na mkongojo, na tunapanda kile kilima hatua kwa hatua, vijana wa bodaboda wakitupigia honi kwa hasira na kutupita karibu watutupe bondeni. Mwanangu huniuliza kwa nini na sisi tusipande pikipiki, au walau nimpite babu yake nikafungue mlango.

Nina miguu ya kumpita. Nabaki nyuma ya visigino vyake.