Fundi Saa Ukumbini

Tangu aanze vidonge vya presha, fundi saa hainuki kitini kwa pupa, maana kizunguzungu humvaa. Husogea ukingoni, hushika meza, huhesabu hadi kumi, ndipo huingia kucheza dansi shingo imenyooka, na wasiomjua humdhania ana maringo. Jumamosi moja muziki ulipoanza, alichomoka kama mshale. Mkewe akamkazia macho.

"Baba watoto, kidonge cha leo umekimeza?"

Fundi akapapasa mfuko wa shati, akakitoa. "Nilitaka nicheze kama zamani, mama."

"Zamani ulikuwa unanikanyaga vidole. Meza!"

Akarudi kitini, akameza huku amenuna. Wimbo wa taratibu ulipopigwa, mkewe alimpa mkono, akamngoja ainuke, akamlalia begani, na kununa kukamshinda.